Kabla hujanunua sensa ya oksijeni, fungua plagi kwanza

Mwaka juzi nilinunua sensa mbili za oksijeni, zile zinazokaa kwenye bomba la moshi, kumbe tatizo lilikuwa gasketi. Taa ya cheki injini iliwaka nikiwa kwenye foleni ya Ubungo, na gari likaanza kunywa mafuta kama lori. Fundi akachomeka mashine ya kusoma hitilafu, ikatoka namba P0171. "Bosi, sensa imekufa." Nikaenda kwenye maduka ya spea ya Gerezani, nikachukua ya mtumba. Siku ya tatu taa ikarudi. Nikanunua mpya, nayo yale yale.

Sasa, P0171 haisemi kwamba sensa imekufa. Inasema kompyuta imeona hewa imezidi, imeongeza mafuta mpaka imefika mwisho wake, na bado inaona hewa imezidi.

Aliyenitoa gizani ni mzee wa gereji ya jirani. Hakuuliza hata mashine ilisoma namba gani. Alifungua plagi moja, akaisugua kiganjani, ikaacha masizi meusi tii. "Mwanangu, gari lenye njaa ya mafuta plagi zake ni nyeupe. Hili limeshiba mpaka linacheua."

Sensa ya kawaida ni kikombe kidogo cha kauri ya zirkonia kilichopakwa platinamu. Ndani yake kuna hewa ya kawaida, nje unapita moshi. Ikishapata moto wa nyuzi 300 hivi na zaidi, tofauti ya oksijeni kati ya pande hizo inazalisha umeme. Oksijeni ikiwa kidogo kwenye moshi, yaani mafuta yamezidi, inatoa karibu volti 0.9. Ikiwa nyingi, karibu 0.1. Katikati, 0.45, ndipo kilo moja ya petroli inapokutana na kilo 14.7 za hewa. Mafuta yenyewe haiyapimi hata tone! Inapima oksijeni iliyo mbele yake, na haijui imeingilia wapi.

Kwangu oksijeni ilikuwa inaingilia kwenye gasketi ya manifoldi ya eksozi, yaani pale bomba la moshi linapofungwa kwenye injini. Kati ya pigo moja la moshi na jingine presha ya bomba inashuka, na penye ufa hewa ya nje inanyonywa ndani. Silinda inayomisi huleta mkanganyiko huo huo, kwa sababu hewa yake inatoka bila kuungua.

Mzee aliacha injini ipate moto, akaweka mita kwenye waya wa taarifa (kwangu ni mweusi, zile mbili nyeupe ni za hita ya kuipasha sensa moto). Ikasoma 0.1, imeganda. Akapuliza kidogo sana dawa ya kusafishia kabureta kwenye njia ya hewa, mbali na moto. Namba ikaruka 0.8, kisha ikashuka. Sensa nzima kabisa. Kesho yake asubuhi, injini ikiwa ya baridi, tulisikia tak-tak-tak kwenye manifoldi, na pembeni ya gasketi kulikuwa na mstari wa masizi.

Angalizo: magari mengi ya karibuni yana sensa ya aina nyingine mbele ya masega (kile kisafisha moshi kilicho kwenye eksozi), na hiyo kwa mita hutaielewa. Soma namba zake kwenye mashine, injini ikiwa inaunguruma. Ile iliyo nyuma ya masega kazi yake kubwa ni kuyachunga masega yenyewe, kwa hiyo ukiyang'oa ukauza, usishangae P0420, namba ya masega kutosafisha moshi, ikiwaka, na wala usikimbilie dukani kununua sensa.

Ikibidi kweli kubadilisha, usiunge waya kwa kuchomelea risasi. Sensa nyingi hupumua hewa ya ndani kupitia waya hizo hizo, na risasi inaziba. Bana kwa viungio. Na fundi akishika silikoni ya kawaida ya kuzibia karibu na injini, mkatalie. Mvuke wake unaua sensa taratibu.

Baada ya gasketi kubadilishwa, nilirudisha ile sensa ya kwanza kabisa, iliyosemwa imekufa, nione itakuwaje. Ndiyo iko kwenye gari mpaka leo. Ile mpya iko kabatini, mwenye kuihitaji tuongee.