Usiguse C-mu kwanza

Mkuu, umesema unaiga maji yanayoshuka ngazi ndani ya mfereji kwa k-epsiloni ya kawaida (modeli ya kukadiria msukosuko kwenye kompyuta), na eneo la maji yanayorudi nyuma linatoka fupi kuliko la maabara. Unauliza C-mu, konstanti ya modeli hiyo inayopanga ukubwa wa mnato wa msukosuko, uitoe 0.09 uishushe hadi ngapi. Mimi niliungulia hapo hapo.

Nikiwa uzamili nilipewa niige ngazi ya watafiti Driver na Seegmiller ya 1985, waliopitisha hewa juu yake maabara. Kwenye jaribio lao hewa inaachia ukingoni na kurudi kushika sakafu umbali wa mara 6.26 ya kimo cha ngazi. Mimi napata 5 na ushee. Nikakesha wiki mbili nachezea konstanti mpaka ikasoma 6.2, nikachora grafu, nikalala usingizi mnono. Kuzipeleka kwenye kiwiko cha bomba, kanieneo ikaharibika kuliko kabla sijagusa kitu! Konstanti zile zimeshikana: 0.09 imetokana na msuguano wa msukosuko karibu na ukuta kuwa kama 0.3 ya k (nishati ya msukosuko), na ukiivuta peke yake unaharibu wasifu wa kasi wa ukutani uliokuwa sawa.

Msimamizi wangu hakunigombeza. Aliuliza tu, "Hewa inaingia ikiwa na umbo gani?" Nilikuwa nimeiingiza kwa kasi moja toka sakafu hadi dari, hatua chache tu kabla ya ngazi. Wenzetu maabara, tabaka la ukutani (hewa iliyopunguzwa kasi na ukuta) lilishanenepa hadi kama mara 1.5 ya kimo cha ngazi pale ukingoni. Nikarefusha mfereji wa mbele. Kisha nikaangalia y+, yaani umbali wa seli ya kwanza ya hesabu toka ukutani kwa kipimo kisicho na uniti, nikakuta 8. Hiyo ni nchi isiyo na mwenyewe: fomula za kukadiria kasi karibu na ukuta zinataka 30 kwenda juu, na ukitaka kufika ukutani kabisa shuka karibu na 1. Nikaibana meshi (gridi ya seli hizo), nikahamia modeli nyingine ya msukosuko, k-omega SST ya Menter (1994), ikasoma 6.5 bila kugusa namba hata moja.

Kuna pahala modeli yenyewe ndiyo mbovu, sikatai. Kwenye mfereji wa mraba, maji halisi yana mzunguko mdogo unaosukuma kasi kuelekea kwenye kona. Modeli yoyote inayofuata wazo la Boussinesq la 1877, kwamba msukosuko ni mnato ulioongezwa tu, itakupa sifuri hapo, weka konstanti uzitakazo. Dawa ni kuongeza vipengele visivyo vya mstari, kama nyongeza iitwayo QCR ya Spalart ya 2000, au kutatua milinganyo ya mikazo ya Reynolds (mikazo inayoletwa na msukosuko) yenyewe, ambayo ni migumu kutulia. Na hao wanaokushauri ufundishe mtandao wa neva kwa kesi yako moja, wanakuuzia zile wiki zangu mbili kwa bei ya GPU.

Tuma picha ya y+ kwenye sakafu nyuma ya ngazi, pamoja na wasifu wa kasi pale ukingoni. Halafu kimo cha ngazi umekigawa seli ngapi? Hujasema.