Laptop ya RAM 2GB, Linux nyepesi itafaa kwa kazi za kila siku?
Mkuu usiitupe hiyo, kama Windows 10 inakwama weka Lubuntu au antiX, hizo ni Linux nyepesi, mfumo wa kompyuta unaokaa badala ya Windows, mi kimeo changu kinakula Lubuntu mwaka wa pili sasa na barua zote naandikia LibreOffice, programu ya bure inayofanya kazi kama Word, ila ukimtumia mtu faili tuma PDF maana akifungua kwenye Word mpangilio huwa unavurugika. Kinachomaliza RAM ni brauza bana, fungua kurasa kumi na YouTube juu yake uone kama haijaganda, hata uweke nini. Kabla hujafuta Windows iwashe kwanza hiyo Linux kutoka kwenye flashi ujaribu waifai na sauti, yangu waifai iligoma kabisa mpaka nikachomeka simu kwa waya wa USB nikavuta intaneti ndo nikapata draiva, ile programu ya kuendesha waifai. Ukishika hela weka SSD, ile diski ya kasi badala ya hadi diski ya kawaida.