Ladu Isiyowasha

Wiki hii mmeuliza: ni kitu gani kitamu cha sikukuu ya watu wengine ulichokionja ukubwani kikakushangaza? Changu mimi ni ladu, vile vipira vitamu vya unga. Wazanzibari wenzangu chekeni tu, najua ladu tumezaliwa tukaikuta.

Oktoba 2019 nilikuwa mgeni Upanga, Dar es Salaam. Jioni moja nikakuta ngazi zote zimewekwa vitaa vya udongo: Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindu. Mara hodi, mama wa Kigujarati wa ghorofa ya chini kaniletea sahani imefunikwa kitambaa. Mlikuwa na ghughra, vile vya kukaangwa vyenye umbo la mwezi mchanga, tumboni vimejazwa nazi na hiliki. Mlikuwa na vipande vya korosho iliyosagwa, juu vina utando wa fedha. Nikaanza kuubandua, akanishika mkono: huo huliwa. Na pembeni, mipira ya njano.

"Hii ladu," akasema.

"Naijua, mama."

Kumbe siijui. Ladu ya bibi yangu ni unga wa ngano, tangawizi na pilipili manga, ukiila unapenga kamasi. Hii ilimeguka mdomoni ikawa chembechembe zilizolowa shira, zinanukia samli na zafarani. Haiwashi hata chembe. Sitaficha, nilihisi nimepunjwa. Ya tatu ndiyo iliyonibadilisha mawazo.

Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Nikapika mkate wa mayai, wa kujigamba hasa, na bahati yangu nikakutana na mkwewe ngazini. Akaninong'oneza kuwa kwao mayai hayaliwi. Nikarudi jikoni, nikafinyanga ladu za bibi. Nilipozipeleka ilikuwa siku ya pili ya Diwali, mwaka mpya wa Wagujarati. Kwa kalenda yao ya Vikram Samvat walikuwa wanaingia 2076. Yule mama akanipokea kwa "Sal mubarak!" Mimi na Idi mubarak zangu, nikajiona nimefika nyumbani.

Mwaka uliofuata niliomba kuona anavyopika. Unga wa dengu hukorogwa ukawa mwepesi, ukamiminwa kwenye upawa wenye matundu juu ya karai la samli ya moto. Anaugongagonga mpini, matone yanadondoka kama mvua na kuibuka yamekuwa shanga. Shanga hizo hutiwa kwenye shira, na kufinyanga ni wakati bado zina moto, zikipoa hazishikani. Nilifinyanga tatu nikakimbilia bomba la maji. Yeye alimaliza sinia zima huku akipiga soga.

Na zile za bibi? Siku ile mama huyo wa Kigujarati alikohoa mpaka machozi, akauliza hii ladu au dawa ya kifua. Sasa kila Idi ananikumbusha nisimsahau. Huzila peke yake, na chai ya maziwa; wajukuu zake wamekataa katakata.