"Emote" ilianza kabla ya picha

Mwanangu anasumbua anataka hela ya "emote" ya Free Fire. Ni kitu gani, na neno limetoka wapi? (Mama, Morogoro)

Ni ile ngoma anayocheza mhusika wake kwenye gemu hilo la simu akishamwangusha adui. Neno ni la waigizaji. Mwanzoni mwa karne ya 20 Wamarekani walilichonga kutoka "emotion", hisia, na mara nyingi walilitumia kumsuta mwigizaji anayezidisha machozi jukwaani.

Kwenye kompyuta liliingia kupitia MUD, magemu ya maandishi matupu. La kwanza lilitungwa na Roy Trubshaw na Richard Bartle, Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, mwaka 1978. Hakuna picha, kila kitu ni sentensi. Sasa ukitaka kupiga miayo bila kusema neno? Katika magemu yaliyofuata uliandika "emote", kisha kitendo, na gemu likatanguliza jina lako. Kama humo unaitwa Kunguru, ukiandika "emote anapiga miayo" wenzako wanasoma: Kunguru anapiga miayo. TinyMUD ya 1989 ikafupisha: nukta mbili tu mwanzoni mwa mstari.

Na "/me" ni hiyohiyo? (Juma, Kisumu)

Hiyohiyo: unaandika "/me", kisha kitendo, na jina lako linatangulia. Watu wengi waliizoea kwenye IRC, mfumo wa gumzo alioanzisha Jarkko Oikarinen huko Oulu, Finland, mwaka 1988. Ila kumbuka unajisimulia kama mtu wa pembeni. Mimi siku ya kwanza niliandika "/me nacheka", chumba kizima kikasoma "Kunguru nacheka". Nilitaniwa wiki nzima. Discord, programu ya gumzo ya wacheza magemu, haiongezi jina, inalaza herufi tu.

Emoji na emote ni ndugu?

Wala. Emoji ni Kijapani: "e" ni picha, "moji" ni herufi. Ndugu halisi ni "emoticon", hisia na ikoni, kama ile :-) aliyopendekeza Scott Fahlman wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, tarehe 19 Septemba 1982 ili utani usichukuliwe kuwa kweli.

Nikiandika \*anakuna kichwa\* WhatsApp, nyota zinapotea!

WhatsApp inadhani unataka herufi nene. Tumia mabano.

Kiswahili chake?

Kwa ya maandishi, "kitendo" kinatosha. Kwa ya Free Fire tunalo neno tamu kuliko lao: mbwembwe. Mama wa Morogoro, mwambie kijana aje aombe hela ya mbwembwe, tuone kama atathubutu.