Barua kwa Mwanangu Anayetaka Leseni ya Trela

Nakuru

Mwanangu mpendwa,

Nimesikiliza ujumbe wako wa sauti mara mbili, na mara ya pili nikamwita mama yako naye asikie. Unasema akiba ya shule ya udereva imetimia, ila mwenzako kazini amekuonyesha video ya lori la Marekani linalokwenda lenyewe, usukani ukizunguka bila mkono. Ukauliza, "Baba, najifunza kazi inayokufa?" Mama yangu wee! Hilo halijibiki kwa simu, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Ulichoonyeshwa ni kweli. Mwaka 2025 kampuni ya Aurora ilianza kubeba mizigo kati ya Dallas na Houston bila dereva. Lori linaona kwa kamera, rada na miale ya leza, na halisinzii. Wiki chache tu baadaye mtu akarudishwa kwenye kiti, kwa ombi la PACCAR waliounda lori, awe wa kutazama. Kuna jambo jingine lililonigusa zaidi. Kule lori likikwama barabarani, sheria inamtaka dereva ashuke apange alama za tahadhari ndani ya dakika 10. Lori lisilo na mtu litamshusha nani? Aurora waliomba waruhusiwe kutumia taa za kumweka juu ya kabini badala yake, na mara ya kwanza, Desemba 2024, wakakataliwa.

Nikakumbuka usiku mmoja kwenye mteremko wa Sachangwan. Nateremka kuelekea Salgaa na kontena mgongoni, ukungu umeshuka, mvua nyembamba. Nikaona kitawi kando ya lami. Mbele kidogo kingine, kisha tawi kubwa katikati ya njia yangu. Nikashusha gia, nikashusha tena, nikawasha taa za hazadi. Baada ya kona kulikuwa na trela la mahindi, ekseli imevunjika, betri imekufa, halina hata taa moja. Tanboi wake, yaani msaidizi wa dereva, kijana mdogo kuliko wewe, alikuwa amesimama akitetemeka, tochi ya simu mkono mmoja, panga mkono wa pili. Nilipopita dirisha likiwa wazi niliisikia harufu ya mkalitusi uliokatwa dakika hiyo hiyo.

Kamera ingeliona lile tawi, sibishi. Lakini upepo nao huangusha matawi kila siku pale. Mimi nilijua ni mtu anayesema nami, kwa sababu yalikuwa yamepangwa kwa hatua, na kwa sababu mimi mwenyewe nimewahi kuyakata. Huenda mashine itafundishwa hayo pia. Sijaona bado mwenye haraka ya kuja Sachangwan kuifundisha.

Lakini sitaki udhani nawatetea madereva kwa kila kitu. Njia panda ya Londiani, Juni 2023, lori liliparamia watu na magari, wakafa zaidi ya 50. Kwenye mteremko ule wa Salgaa wenzangu waliweka nyutro, yaani waliliacha gari liteleze bila gia, ili wabakize dizeli wakaiuze, breki zikapata moto, gari likawa halishikiki. Nami niliweka nyutro, mwanangu, miaka yangu miwili ya kwanza, na hadi leo nikiwaza nani angekuwa mbele yangu silali. Tajiri niliyemfanyia kazi wakati huo alilipa kwa safari, si kwa mwezi, na saa nane usiku alikuwa akipiga simu kuuliza, "Umefika wapi?" Mashine haiuzi dizeli wala haipigiwi simu hiyo. Katika hilo inatushinda, na wanaoitaka kwa ajili ya usalama siwalaumu.

Basi itachukua kazi yako? Kule Marekani dereva analipwa ghali na barabara ina mistari, mwenye lori ana sababu ya kuinunua. Hapa mshahara wetu ni mdogo kuliko bei ya vyombo vyenyewe, na kati ya Nakuru na Malaba kuna punda, bodaboda zisizo na taa, ukungu wa Timboroa, na foleni ya mpakani ambapo lazima mtu ashike karatasi na alinde turubai usiku. Kilichotupunguzia kazi kwanza kilikuwa bomba la mafuta lilipofika Eldoret na Kisumu, kisha reli mpya ilipoanza kushusha kontena Naivasha. Safari zilifupika, malori yakabaki. Wewe utaendesha. Sitakuahidi kwamba utaendesha hadi uzeeni kama mimi.

Kwa hiyo usilipe akiba yote kwenye udereva. Malori mapya yanabadilisha gia yenyewe, na yakizimika barabarani fundi wa nyundo hayawezi, anaitwa mwenye kompyuta. Tenga sehemu usomee umeme wa magari. Jioni kuna madarasa hapa mjini. Na siku ya kuajiriwa uliza kwanza kama mshahara ni wa mwezi au wa safari. Wakisema wa safari, toka.

Njoo Jumamosi. Rafiki yangu anapakia mbolea ya Eldoret alfajiri na amekubali ukae kando yake. Beba sweta nzito, na mkishuka kutoka Mau Summit kurudi, mwambie akuonyeshe ile kona.

Baba yako