Maswali ya Wasomaji: Wenzetu wa Chuoni, Miaka Mingi Baadaye

Barua tatu kati ya zilizotufikia safari hii zinagusa jambo moja, nalo ni namna ya kudumisha, au kufufua, mawasiliano na watu tuliosoma nao chuo zamani. Tumezijibu pamoja.

SWALI: Nilihitimu mwaka 1991. Tulikuwa wanne tuliokaa chumba kimoja bwenini kwa miaka mitatu, tukikopeshana vitabu na nguo. Baada ya mahafali tuliandikiana barua, kisha kadi, kisha hata kadi zikakoma. Mmoja wao, aliyekuwa wa karibu nami kuliko wengine, nimepata namba yake ya simu tangu miezi mingi iliyopita, lakini kila nikitaka kumwandikia nasita. Nilipata habari alipofiwa na mama yake na sikumpa pole. Isitoshe, nachelea kwamba ataona ninamtafuta kwa sababu nina shida. Nianzeje?

JIBU: Dada mpendwa, kusita kwako ni jambo la kawaida kuliko unavyodhani. Mwaka 2024 Lara Aknin wa Chuo Kikuu cha Simon Fraser nchini Kanada na Gillian Sandstrom wa Chuo Kikuu cha Sussex nchini Uingereza walichapisha utafiti kuhusu watu ambao kila mmoja wao alikuwa na rafiki wa zamani aliyetamani kuwasiliana naye, alijua pa kumpata, na aliamini kwamba rafiki huyo angefurahi kusikia habari zake. Walipewa muda wa kuandika ujumbe na kuutuma papo hapo, na bado waliotuma hawakufika theluthi moja. Kilichosaidia kilikuwa kidogo mno: katika jaribio mojawapo, wale waliotangulia kutumia dakika chache kuwasalimu kwa ujumbe marafiki zao wa sasa, ndipo wakaambiwa wamgeukie yule wa zamani, zaidi ya nusu yao walituma. Nawe fanya hivyo hivyo. Wasalimu kwanza watu wawili au watatu uliozoea kuwaandikia, na mkono ukishazoea, mwandikie yeye kabla hujaweka simu chini.

Kuhusu namna atakavyokupokea, hofu yako inakudanganya. Peggy Liu wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh nchini Marekani na wenzake walionyesha mwaka 2022, kwa mfululizo wa majaribio yaliyohusisha watu zaidi ya 5,900, kwamba anayemtafuta mwenzake hukadiria furaha ya mpokeaji kuwa ndogo kuliko ilivyo kweli, na kwamba salamu isiyotarajiwa ndiyo hupokewa kwa shukrani zaidi. Kimya kirefu unachokiona kuwa kikwazo ndicho kinachoipa salamu yako thamani.

Ama hilo la kudhaniwa una shida, dawa yake ni kuhakikisha kwamba ujumbe wa kwanza haubebi ombi lolote, hata ombi la kukutana. Pia usianze kwa lawama za mzaha, kama vile kumwambia kwamba amekutupa, kwa sababu aliyekaa kimya muda mrefu huusikia mzaha huo kama mashtaka. Jitambulishe kwa jambo ambalo yeye na wewe pekee mnalijua, maana siku hizi matapeli nao hujifanya marafiki wa zamani, na namba ngeni inayoanza kwa salamu tupu hufutwa bila kusomwa. Kwa mfano ungeandika hivi:

«Salamu, rafiki yangu. Ni mimi wa kitanda cha dirishani. Juzi nimekuta daftari langu la takwimu ambalo ukurasa wake wa mwisho uliandika wewe, ukihesabu siku zilizobaki kabla ya mtihani, nikacheka peke yangu. Habari za msiba wa mama zilinifikia wakati ule nami sikukuandikia. Pole sana, hata leo. Sina shida yoyote, nimekukumbuka tu. Utanijibu utakapopata nafasi.»

Angalia kwamba pole imekaa katika sentensi moja na haikufuatana na sababu za kuchelewa. Sababu humlazimu mfiwa akufariji wewe, naye hastahili kazi hiyo.

Akijibu, msiendelee kuandikiana kwa majuma. Pangeni saa ya kupigiana simu. Amit Kumar na Nicholas Epley, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2021, waliwataka watu wawasiliane na rafiki wa zamani, wengine kwa barua pepe na wengine kwa simu. Wengi walitarajia kwamba simu ingewatia aibu, lakini waliopiga hawakuona aibu zaidi ya walioandika, na walijihisi karibu zaidi na wenzao. Simu ya video iacheni kwanza. Baada ya miaka thelathini, mtu hutumia dakika kumi za mwanzo akijitazama mwenyewe pale pembeni ya kioo, na mazungumzo yanapotea.

Baada ya hapo usiahidi makubwa. Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas alikadiria mwaka 2018 kwamba watu huhitaji saa zipatazo 200 za kuwa pamoja hadi wafikie urafiki wa karibu, na ninyi mlizimaliza saa hizo mkiwa bwenini kabla hata ya mtihani wa kwanza. Huanzi upya. Simu mbili tatu kwa mwaka, katika siku ambazo zina maana kwenu, zinatosha, na zina uwezekano mkubwa wa kudumu kuliko ahadi ya kila Jumapili ambayo itavunjika mwezi wa pili. Na asipojibu? Mwandikie mara moja zaidi baada ya miezi kadhaa, kisha umwache. Huenda ana yake yanayomsonga, nawe umeshafungua mlango.

SWALI: Kundi la WhatsApp la darasa letu lina watu zaidi ya mia moja. Kutwa zinaingia picha za maua za kutakiana asubuhi njema, video zisizojulikana zilikotoka, na mabishano ya siasa. Nikijitoa nitaonekana nimewadharau wenzangu, nikibaki ninachoka. Nifanyeje?

JIBU: Baki, lakini zima sauti ya kundi hilo na ulihamishie kwenye kumbukumbu, halafu ulitumie kama daftari la anwani. Tangu mwaka 2022 mtu akijitoa, WhatsApp huwaarifu wasimamizi peke yao, ingawa jina lake huendelea kuonekana kwa siku 60 katika orodha ya waliotoka, kwa hiyo kuondoka kimyakimya kunawezekana. Hata hivyo sikushauri, kwa sababu humo ndimo zinamopita habari za ugonjwa, za misiba, na za nani amehamia wapi.

Kosa tunalofanya wengi ni kuliona kundi kuwa ndio urafiki wenyewe. Robin Dunbar, mwanaanthropolojia wa Uingereza, alikadiria kwamba mtu mmoja humudu uhusiano wa kweli na watu wapatao 150 tu, wakiwamo ndugu zake wote. Darasa zima haliwezi kuenea humo. Chagua watano au sita, uwaandikie nje ya kundi. Waliobaki wasidharauliwe. Utafiti wa Daniel Levin, Jorge Walter na Keith Murnighan wa mwaka 2011 uliwataka viongozi wa kampuni waombe ushauri wa kikazi kwa watu ambao hawakuwa wamewasiliana nao kwa miaka mitatu au zaidi, na ushauri waliopata ulikuwa na mengi mapya, kwa kuwa watu hao walikuwa wameona mambo mengine katika muda huo.

SWALI: Nimepewa kazi ya kuandaa mkutano wa kutimiza miaka 30 tangu tuhitimu, lakini nusu ya namba nilizonazo hazipatikani. Nianzie wapi?

JIBU: Anza na orodha ya wahitimu, si na kumbukumbu za watu, kwa sababu kumbukumbu huwasahau waliokuwa wapole. Ofisi ya wahitimu ya chuo huenda isikupe anwani, na ina haki kukataa, lakini iombe ikupelekee ujumbe. Kumbuka kwamba baadhi ya wanawake wamebadili majina ya ukoo. Kila unayempata muulize anawajua wangapi, na usitoe namba ya mtu kwa mwingine kabla hajakuruhusu. Yupo asiyetaka kupatikana; huyo hatafutwi mara ya pili.

Jambo la kuangalia kwa makini ni orodha ya marehemu. Namba ya simu isiyotumika muda mrefu hupewa mteja mwingine, kwa hiyo kupokewa na mtu mgeni hakuthibitishi lolote. Usilisome jina hadharani mpaka ndugu wa karibu amethibitisha.

Katika fomu ya mwaliko usiulize cheo wala mahali pa kazi, kwani wapo wanaobaki nyumbani kwa sababu ya maswali hayo. Kiwango cha mchango kipangwe baada ya kuwauliza watu faragha wanachoweza. Na siku yenyewe, kila mtu avae kitambulisho chenye jina alilotumia chuoni, kwa herufi kubwa zinazosomeka bila miwani.