Gari linazima, kisha linawaka lenyewe

SWALI: Corolla yangu ya 1996 ikipita kwenye mashimo huku Ujiji huzima ghafla, taa zote za dashibodi zinapotea. Nikisubiri kidogo inawaka. Nimenunua betri mpya, hali ni ileile. Nifanyeje?
Msomaji, Kigoma

JIBU: Betri umeionea bure. Dashibodi ikizimika pamoja na injini, umeme unakatika kwenye njia kuu: vichwa vya betri, erthi (waya unaounganisha nguzo hasi ya betri na bodi na injini), fyuzi kuu au swichi ya ufunguo.

Anza na erthi, na usiitazame kwa macho tu. Waya huonekana mzima kumbe nyuzi zimeoza ndani ya ganda. Weka mita ya umeme kwenye volti 20 za DC. Ncha nyeusi iguse nguzo hasi ya betri yenyewe, si kibanio chake. Nyekundu iguse chuma kitupu cha injini. Mwenzako apige stata. Ikisoma zaidi ya volti 0.5, erthi ni mbovu: ifungue, piga msasa hadi ing'ae, kaza, ndipo upake grisi. Waya ukiwa umeoza, weka mpya.

Erthi ikiwa nzima, acha injini ikiunguruma utikise vichwa vya betri na waya wa fyuzi kuu, kimoja kimoja. Kisha chezesha ufunguo bila kuuzungusha. Injini ikistuka, swichi imelika ndani. Rundo la funguo linaloning'inia hapo huimaliza haraka.

Fundi akikushauri uweke fyuzi ya ampea 30 mahali pa 15, mkatalie. Waya utaungua kabla ya fyuzi.